Kirusi cha mwaka wa pili kipite kwa Kiswahili

Jioni moja ya majira ya baridi, jirani yetu wa hosteli kule Urusi aligonga mlango akimuulizia mwenzangu wa chumba. Nilikuwa na Kirusi cha mwaka mmoja na miezi kadhaa, nikajibu bila kusita: «Ona khodila v magazin.» Nilikusudia kumwambia kwamba amekwenda dukani. Jirani akashukuru, akavua ndala mlangoni, akaketi kwenye kiti cha mwenzangu akawa anasubiri. Robo saa nzima macho yake yalikuwa kwenye mlango wa bafu. Mwenzangu aliporudi na mfuko wa mikate, theluji mabegani, ndipo tulipoelewa sote watatu nilichokuwa nimesema: kwamba dukani alikwenda, na amesharudi.

Kirusi hutenganisha safari iliyokwisha, ya kwenda na kurudi, na safari ambayo aliyeondoka bado yumo. Ya kwanza ni *khodila*, ya pili ni *poshla* au *ushla*. Darasani nilifundishwa, na kwenye zoezi nilipata alama nzuri. Lakini usiku, nilipokuwa nikijisomea kwa kamusi ya simu, maneno yote hayo niliyaweka chini ya neno moja la Kiingereza, «went», na neno hilo halibagui aliyerudi na asiyerudi.

Sasa mfikirie mtoto wa miaka minne pale Tanga. Mgeni akibisha hodi na kuuliza mama yuko wapi, mtoto hujibu: «Mama amekwenda sokoni.» Mgeni anajua hayupo, atasubiri au ataaga. Mama akiwa jikoni, mtoto hatasema hivyo hata siku moja. Atasema mama alikwenda sokoni asubuhi, sasa anapika. *Amekwenda* ni *poshla*. *Alikwenda* akarudi ni *khodila*. Tofauti iliyonishinda kwenye ule mlango nilikuwa nayo tangu kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Niliiacha nyumbani kwa sababu hakuna aliyeniambia niibebe.

Hoja yangu ndiyo hiyo, na nina uchungu nayo kwa sababu nawaona wadogo zetu wakiipitia njia ile ile. Mzungumzaji wa Kiswahili anayesoma Kirusi ngazi ya kati anajikwaa mara nyingi kwa sababu anakifikia akizungukia Kiingereza, wakati lugha yake mwenyewe ingempitisha njia ya mkato.

Nasema ngazi ya kati kwa makusudi. Mwaka wa kwanza haumshindi mtu. Herufi 33 zinajifunzwa kwa wiki mbili, salamu zinakaririwa, kila siku unalala ukijua kitu ambacho asubuhi hukukijua. Wanaoanzia kitivo cha maandalizi, *podfak* kama sote tunavyokiita, huwa na walimu wavumilivu wanaozungumza polepole. Kisha unafika mtihani wa Kirusi kwa wageni, TRKI-1, ngazi inayolingana na B1 ya vipimo vya lugha vya Ulaya, ambayo ndiyo hutakiwa kwa anayeingia mwaka wa kwanza wa shahada. Orodha ya msamiati wa ngazi hiyo ina maneno yapatayo 2,300. Ngazi inayofuata inahesabu karibu 10,000, na kati ya hayo 6,000 uwe unaweza kuyatumia mwenyewe. Hapo katikati hapana daraja. Unaingia kwenye mihadhara ya fizikia au uchumi, mhadhiri anazungumza kwa kasi ya watu wake, na wewe unakaa mstari wa mbele ukinakili ubao kama mchoro. Huu ndio mwaka wa pili wa lugha, hata kama karatasi za chuo zinauita wa kwanza. Wengi huamua hapa kwamba Kirusi chao kitakuwa cha dukani na mtihani tu, na huishi hivyo miaka mitano.

Watu hupenda kunukuu makadirio ya miaka iliyopita ya taasisi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia: Kirusi saa 1,100 za darasani, Kiswahili 900. Tunayasoma kana kwamba yanapima uzito wa lugha zenyewe. Yanapima umbali wa kila lugha kutoka Kiingereza. Umbali kati ya Moscow na Mombasa, kwa maana ya sarufi, hayausemi.

Tuuchukue mfano unaowatoa jasho wote: *vid*, hali ya kitenzi. Karibu kila kitenzi cha Kirusi kina pacha. *Chitat'* ni kusoma kwa maana ya kuwa katika kusoma, au kusoma mara kwa mara. *Prochitat'* ni kusoma mpaka ukamaliza. Vitabu vya Kiingereza hulifafanua jambo hili kwa kurasa nyingi, na mwanafunzi hutoka na kanuni ya kubahatisha. Akikuta «have you read» anaona tendo limekamilika, basi anachagua *prochitala*. Lakini Mrusi anayetaka kujua tu kama kitabu hicho umewahi kukipitia hukuuliza: «Ty chitala etu knigu?» Akikuuliza «Ty prochitala?» maana yake anajua ulikuwa nacho, labda ni chake, na anataka kujua umekimaliza.

Kwa Kiswahili haya ni maswali mawili tofauti: «Umewahi kukisoma kitabu hiki?» na «Umeshakimaliza kile kitabu?» Hakuna kati yetu anayeyachanganya. *-wahi* inakupeleka kwa pacha wa kwanza, *-mesha-* inakupeleka kwa wa pili. *Hu-* ya mazoea, *-na-* ya tendo linaloendelea na *-ki-* ya «alikuwa akisoma» zote zinakwenda kwa wa kwanza. Halafu kuna *-ka-*, kiambishi ambacho Kiingereza hakina hata kivuli chake. Msimulizi wa Kiswahili husema: aliingia, akavua viatu, akaketi, akanywa chai. Mrusi husema: *voshol, snyal obuv', sel, vypil chayu*. Vitenzi vinne, vyote vya tendo lililokamilika, kimoja kikikisukuma kingine. Na simu inapoita katikati ya chakula, «alikuwa akila, simu ikaita», Kirusi nacho hubadilisha mguu pale pale: *on yel, kogda zazvonil telefon*, cha kwanza hakijakamilika, cha pili kimekamilika. Mara ya kwanza nilipoliona hili nilifunga kitabu, nikaketi kimya. Miezi saba nilikuwa nikihangaika na kanuni, na kumbe bibi yangu aliitumia kila usiku akitusimulia hadithi za sungura.

Hailingani moja kwa moja, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. «Amelala», «amekaa», «amesimama» vina *-me-*, lakini Kirusi huvitia katika wakati uliopo, *spit, sidit, stoit*, kwa sababu tunachokieleza ni hali aliyomo mtu sasa hivi. Mtego huo unapaswa kufundishwa waziwazi. Ila mtego ulio ndani ya lugha yako ni rahisi kuukwepa kuliko ulio ndani ya lugha ya tatu.

Mfano mwingine ninaoupenda ni kile kijisilabi *-sya* kinachokaa mwishoni mwa vitenzi. Vitabu vingi hukitambulisha kama alama ya kujitendea, mfano *myt'sya*, kujiosha. Mwanafunzi anaridhika. Wiki inayofuata anakutana na *vstrechat'sya*, kukutana, na *obnimat'sya*, kukumbatiana, anaanza kukuna kichwa: nani anajikumbatia? Kisha *dver' otkrylas'*, mlango umefunguka. Kisha *dom stroitsya*, nyumba inajengwa. Hapo kitabu hutoa orodha ya matumizi ya *-sya*, nayo hukaririwa kama majina ya mito.

Yeyote aliyemaliza kidato cha nne Tanzania ameshafundishwa mnyambuliko wa vitenzi. Anajua kujitendea kwa *-ji-*, kutendeana kwa *-ana*, kutendeka kwa *-ka*, kutendwa kwa *-wa*. Vyumba vinne, kila kimoja na mlango wake. Mrusi ametia vyumba hivyo vinne mlango mmoja. Dakika kumi zinatosha kulieleza jambo hilo kwa Kiswahili, na mwanafunzi akikutana na *-sya* mpya anajiuliza tu: hapa ni *-ji-*, ni *-ana*, ni *-ka* au ni *-wa*? Vinavyobaki bila sababu, kama *boyat'sya*, kuogopa, na *smeyat'sya*, kucheka, ni vya kukariri, na si vingi kiasi cha kumvunja mtu moyo.

Turudi kwenye ile bonde ya kutoka maneno 2,300 hadi 10,000. Haivukwi kwa kukariri neno moja moja. Inavukwa kwa mizizi, na sisi watu wa mizizi na viambishi hatuhitaji kushawishiwa. Kutoka *andika* tunapata mwandishi, maandishi, mwandiko, andikia, andikiana, andikisha. Mrusi ana *pis*. *Pisat'* ni kuandika, *pisatel'* mwandishi, *pis'mo* barua, *podpisat'* kutia sahihi, *perepisat'* kunakili, *opisat'* kueleza kitu kilivyo. *Perepisyvat'sya* ni kuandikiana, na *zapisat'sya* ni kujiandikisha, neno utakalolihitaji siku ya kwanza utakapougua na kutaka kumwona daktari. Sisi twapenda kubandika nyuma ya mzizi, wao hupenda zaidi kubandika mbele, lakini desturi ya kulifungua neno ili kuona limejengwa na nini ni moja. Wakati mwingine hata maana hukutana kwa namna ya kushangaza. «Nitapitia kwa shangazi» ina kile kiambishi cha *-ia* kinachobadilisha kupita kuwa kuingia mara moja ukiwa njiani. Kirusi hukitia mwanzoni: «Ya zaydu k tyote.» Mwalimu wangu alichora mishale mitatu ubaoni kulieleza hilo *za-*. Shangazi mmoja angetosha.

Kuna na maneno ambayo hata hayahitaji kujifunzwa. Chai ni *chay*. Sanduku ni *sunduk*. Almasi ni *almaz*. Hazina ni *kazna*, hazina ya dola. Yalisafiri kutoka Uarabuni na Uajemi, mengine kwa jahazi hadi pwani yetu, mengine kupitia Waturuki na Watatari hadi kaskazini, na chai yenyewe ilianzia mbali zaidi, Uchina. Ukiyafikia kwa Kiingereza hutayatambua, maana huko sanduku na almasi vina majina yasiyofanana na haya hata kidogo.

Sasa, ziko sehemu ambazo Kiswahili hakikusaidii, na mwanafunzi aambiwe mapema. Kwetu kwenda ni kwenda. Kirusi kinataka kujua kama ulikwenda kwa miguu au kwa chombo, na ukisema *khodila* kuhusu safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza umejitwisha kilomita zaidi ya elfu moja za kutembea. *-ni* yetu ya mahali inatuponza: «niko shuleni» na «naenda shuleni» ni shuleni ile ile, lakini Kirusi kinasema *v shkole* kwa aliyeko na *v shkolu* kwa anayekwenda. Kosa hili nimelisikia kwa Waswahili wengi kuliko kosa jingine lolote, nami mwenyewe bado hunitoka nikichoka. Mapadezhi mengine, yaani miisho ya majina inayobadilika kwa kazi yake katika sentensi, hasa baada ya namba, ni kazi ya mikono. Wanafunzi wawili ni *dva studenta*, watano ni *pyat' studentov*, na hapo hakuna njia ila kurudia mpaka ulimi uzoee. Mkazo nao unatembea. Sisi tunao mfano maarufu wa barabara ya magari na «barabara» ya sawasawa, na tunauona wa ajabu. Kirusi kimejaa mifano hiyo: *zámok* ni kasri, *zamók* ni kufuli. Anayeweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kila wakati, kama tulivyozoea, atafungua kasri kwa ufunguo wa kabati.

Najua nitakachojibiwa. Darasa la *podfak* lina Mchina, Mwangola, Mvietnamu na Mwiraki; mwalimu hawezi kumfundisha kila mmoja kwa lugha ya mama, ndiyo maana hufundisha Kirusi kwa Kirusi. Ni kweli, na njia hiyo ni nzuri. Lakini darasa huisha saa nane mchana. Kuanzia hapo mpaka usiku wa manane mwanafunzi yuko peke yake na simu, na kichwani mwake tafsiri inaendelea, atake asitake. Swali ni lugha gani inayokaa pale katikati. Mvietnamu hutumia Kivietnamu. Mwiraki hutumia Kiarabu. Sisi tunatumia Kiingereza tulichosomea sekondari, ambacho wengi wetu tunakijua nusu, halafu tunashangaa kwa nini Kirusi chetu kinatoka robo.

Na upande wa pili haukungoja Kiingereza. Leningrad, St. Petersburg ya leo, walianza kufundisha Kiswahili mwaka 1934. Mwaka 1961 ilichapwa Moscow kamusi ya Kiswahili na Kirusi chini ya uhariri wa Dmitry Olderogge, mwanazuoni wa lugha na tamaduni za Afrika. Vizazi vya wanafunzi wa Kirusi vimejifunza ngeli zetu kwa kuzilinganisha na lugha yao, ana kwa ana. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilifunguliwa Moscow mwaka 1960, mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, jina lililoondolewa mwaka 1992 na kurejeshwa 2023. Kwa zaidi ya miaka 60 wamepita hapo na katika vyuo vingine madaktari, wahandisi na wanajiolojia wa Afrika Mashariki, na kila mmoja alijaza madaftari. Madaftari hayo yako wapi? Kitabu cha mazoezi ya Kirusi cha ngazi ya kati kilichoandikwa kwa Kiswahili, kwa ajili ya Mswahili, mimi sijawahi kukishika mkononi.

Utamaduni nao hufundishwa kwa mzunguko huo huo. Kila Mwafrika husimuliwa wiki ya kwanza kwamba babu wa babu wa mshairi Pushkin upande wa mama, Abram Gannibal, alikuwa mtoto wa Kiafrika aliyelelewa na mfalme Peter Mkuu. Ni habari ya kweli na inasisimua, ingawa kwa hesabu sahihi Gannibal alikuwa baba wa babu yake Pushkin. Lakini undugu wa damu ya mtu mmoja wa karne ya 18 haukusaidii kumwita mwalimu wako. Kinachokusaidia ni kujua kwamba Anna Ivanovna ni Anna binti Ivan, na ndugu yake Pyotr Ivanovich ni Pyotr bin Ivan, na kwamba kumwita mtu mzima kwa jina lake na la baba yake ni heshima, kama ilivyokuwa kwa wazee wetu wa pwani. Aleksandr huwa Sasha kwa wenzake kama Abdallah anavyokuwa Dula, na Khadija Dija. Na anayemwambia profesa *ty*, «wewe» ya kirafiki, badala ya *vy* ya heshima, amefanya kile kile afanyacho kijana anayempita mzee bila shikamoo. Ukilieleza hivyo kwa Mtanzania, hatasahau tena. Ukimwambia ni kanuni ya umoja na wingi wa nafsi ya pili, atasahau kabla ya chakula cha mchana.

Nikitazama vyuo vyetu, nawaona watu wanaoiweza kazi hii. Idara za Kiswahili zina wataalamu wa mofolojia wanaojua *-ka-* na *-mesha-* kwa undani kuliko mtu yeyote duniani. Waliosoma Urusi wako hospitalini, migodini, wizarani. Hawajawahi kuketishwa meza moja. Kitabu cha kurasa mia na hamsini kingetosha kwa kuanzia: hali za kitenzi, vitenzi vya mwendo, *-sya*, mizizi hamsini, na sura moja ya mitego yetu wenyewe. Kiandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, kiwekwe bure mtandaoni, mwanafunzi akibebe kwenye simu ile ile.

Kwa sasa nafanya ninaloliweza. Kila Jumamosi binti wa dada yangu, aliyepata nafasi ya kusoma udaktari wa mifugo huko, huja kwangu na daftari. Nimemtaka lisiwe na Kiingereza. Juzi tulianza na mama na soko. Amekwenda sokoni: *poshla na rynok*. Alikwenda sokoni asubuhi: *utrom khodila*. Huenda sokoni kila Jumapili: *khodit*. Akaandika, akafikiri, kalamu mdomoni.

«Mama mkubwa, na kama nimefika nikakuta ameshaondoka?»

«*Uzhe ushla*,» nikamwambia.

Akatazama sentensi yake, akalipigia mstari lile *uzhe*, na juu yake akaandika kwa herufi ndogo: *-sha-*.